Dakika Tano za Treni: Niliyojifunza Kwenye Mpaka wa Johor Bahru na Singapore

Johor Bahru ni mji wa kusini kabisa mwa Malaysia bara. Kati yake na kisiwa cha Singapore kuna mlangobahari mwembamba, na juu ya mlangobahari huo limejengwa tuta la mawe lenye urefu wa kilomita moja na ushei, lililozinduliwa rasmi mwaka 1924. Kila mtu pale analiita Causeway. Juu yake hupita magari, pikipiki, mabomba ya maji na reli moja ya zamani. Vituo viwili vya mpaka vya Singapore, Woodlands na Tuas, hupitisha zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na wengi wao hupitia Woodlands, yaani juu ya tuta hilohilo. Dola moja ya Singapore hununua zaidi ya ringgit tatu za Malaysia, kwa hiyo watu wengi wanaishi huku na kufanya kazi kule.

Nilikaa Johor Bahru nikisomea shahada ya uzamili ya mipango ya usafiri, baada ya mipaka kufunguliwa tena Aprili 2022. Wakati huo nguzo za reli mpya zilikuwa zimeshaanza kuchomoza majini. Reli yenyewe inaitwa RTS Link. Ina urefu wa kilomita 4 tu na stesheni mbili: Bukit Chagar upande wa Johor na Woodlands North upande wa Singapore. Treni itavuka kwa dakika kama tano. Imepangwa kukamilika mwisho wa 2026, na ilianza kuzungumzwa na viongozi wa nchi hizo mbili mwaka 2010. Hesabu miaka: kumi na sita kwa kilomita nne. Wenzangu darasani waliona hiyo ni aibu. Mimi, kadiri nilivyozidi kuvuka mpaka ule, ndivyo nilivyozidi kuelewa miaka ile ilikwenda wapi, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa, kwa sababu na sisi Afrika Mashariki tunajenga reli za kuvuka mipaka.

Nianze na namna watu wanavyovuka sasa. Unapanda basi mjini, tuseme namba 170. Linakwenda mwendo mfupi mpaka jengo la uhamiaji la Malaysia. Unashuka na mizigo yako yote, unapanda ngazi za umeme, unapanga foleni, pasipoti inagongwa, unashuka chini upande wa pili, unapanga foleni ya basi. Unavuka tuta. Upande wa Singapore unashuka tena, unapanda tena, foleni tena, mizigo inapita kwenye mashine, unashuka tena, na unapanga foleni nyingine ya basi, huku umeshikilia kadi au tiketi yako ili usilipe upya. Kuwa juu ya magurudumu ni sehemu ndogo kabisa ya safari.

Kilichonifundisha zaidi ya kitabu chochote ni miguu ya watu. Mlango wa basi ukifunguka pale Woodlands, watu wanakimbia. Vijana, kina mama wenye mikoba, wazee waliovaa sare za ulinzi, wote wanakimbilia ngazi za umeme, kwa sababu wanajua basi la nyuma yao limeshafika na kila mtu watakayempita amewaokolea dakika. Hakuna anayekasirika kupitwa. Ni desturi ya mahali pale, wameizoea kama sisi tulivyozoea kugombea daladala jioni. Sikukuu zikikaribia, magari yakigandana kabisa, watu hushuka kwenye mabasi wakatembea kwa miguu juu ya tuta mpaka ng'ambo, wengine wakiburuta masanduku.

Mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye nilimwita Mak Cik kama wapangaji wote, alikuwa na mwanawe anayefanya kazi kiwandani Singapore. Kijana alikuwa anawasha pikipiki saa 10 alfajiri. Zamu yake ilianza asubuhi na kiwanda hakikuwa mbali kwa kilomita, ila alikuwa ananunua usalama wa kutochelewa kwa usingizi wake. Mak Cik aliniambia jambo moja ambalo nililiandika kwenye daftari usiku uleule: kwamba hajawahi kumsikia mwanawe akilalamika kuhusu barabara. Siku zote ni mistari.

Sasa tazama hesabu. RTS Link imepangiwa kubeba abiria 10,000 kwa saa kwa kila upande. Treni moja ya mabehewa manne inachukua watu kama 600, na wakati wa msongamano zitapishana kwa dakika tatu na nusu hivi. Kwa mhandisi wa treni, hapo hakuna cha ajabu. Miji mingi duniani ina njia zinazobeba zaidi ya hapo. Lakini kila mmoja wa watu hao 10,000 ana pasipoti. Ukimpa kila mtu sekunde 20 kwenye geti la kielektroniki, geti moja linapitisha watu 180 kwa saa. Gawanya: unahitaji mageti yasiyopungua 56 yanayofanya kazi bila kukwama, kwa nchi moja, kwa upande mmoja. Nchi ni mbili. Na kuna mzee ambaye alama zake za vidole zimefutika kwa kazi, mama mwenye watoto watatu, na mgeni kama mimi mwenye pasipoti ya nchi ya mbali, anayetazamwa na ofisa mara mbili tatu kabla ya kugongewa. Geti moja likizubaa, mstari unarudi nyuma. Tulipopewa zoezi hili darasani, mwalimu hakutaka kabisa kuona mchoro wa daraja. Alitaka kuona ukumbi.

Uamuzi mkubwa wa mradi ule, kwa maoni yangu mkubwa kuliko daraja, ni kwamba abiria atakaguliwa na nchi zote mbili mahali anapopandia. Ofisa wa Singapore atakaa Bukit Chagar, ndani ya ardhi ya Malaysia, na ofisa wa Malaysia atakaa Woodlands North. Ukimaliza hapo unapanda treni, na ukishuka ng'ambo unatoka moja kwa moja kwenda zako. Watu wengi huona faida ya kwanza tu, kwamba unasimama mara moja badala ya mbili. Faida ya pili imejificha na ndiyo iliyonivutia. Kama ukaguzi ungefanyika mnaposhuka, kila dakika tatu na nusu treni ingemwaga watu 600 kwa mkupuo mmoja mbele ya maofisa, na wote wangekuwa wanakimbia kama wale wa Woodlands. Ukaguzi ukifanyika kabla ya kupanda, watu wanaingia jukwaani kwa kadiri mageti yanavyowaachia. Jukwaa halifuriki, treni haisubiri, na foleni, kama ipo, inakaa mahali ambapo mtu bado anaweza kurudi nyumbani au kununua chai.

Ila uamuzi huo una gharama yake, na gharama yenyewe haipimwi kwa saruji. Ofisa wa nchi moja akimkamata mtu ndani ya nchi nyingine, anafanya hivyo kwa sheria ya nani? Akimkatalia mtu kuingia, mtu huyo yuko wapi kisheria, ameshatoka au hajatoka? Lazima mikataba ijibu, na sheria zitungwe pande zote mbili. Nchi zile zilijua uchungu wa kuacha swali hilo bila jibu. Kuanzia Agosti 1998 Singapore ilihamishia ukaguzi wake wa treni Woodlands, karibu na mpaka, huku Malaysia ikibaki na wake kwenye stesheni ya Tanjong Pagar, katikati ya jiji la Singapore, ambako reli ya Malaysia ilikuwa na haki za tangu enzi za ukoloni. Matokeo yake abiria alihesabiwa ameingia Malaysia akiwa bado katikati ya Singapore, na hajatoka Singapore mpaka afike Woodlands. Hali hiyo ilidumu mpaka 2011. Treni ya mwisho kutoka Tanjong Pagar, usiku wa tarehe 30 Juni 2011, iliendeshwa na Sultani Ibrahim wa Johor mwenyewe, ambaye babu wa baba yake ndiye aliyekuwa sultani wakati Causeway inafunguliwa. Kulifungua fundo lile viongozi walibadilishana ardhi: Singapore iliachiwa njia ya reli, na kampuni ya pamoja ya nchi mbili ikapewa viwanja vya thamani kubwa katikati ya jiji. RTS Link ilizaliwa ndani ya mazungumzo hayohayo ya 2010. Nawaambia vijana ninaofanya nao kazi sasa: usitafute historia ya mradi kwenye ripoti ya uhandisi. Itafute kwenye mgogoro uliotangulia.

Halafu kuna siasa. Mkataba wa nchi mbili ulisainiwa Januari 2018. Mei mwaka huohuo Malaysia ikabadilisha serikali, kwa mara ya kwanza tangu uhuru, na serikali mpya ikataka kuangalia upya kila mradi wenye bei kubwa. Mwaka 2019 RTS ikasimamishwa. Hapo ndipo mkataba ulipoonyesha kama uliandikwa na watu makini. Aliyeomba kusimamisha alilipia gharama zilizopotea, zaidi ya dola 600,000 za Singapore, muda wa kusimama uliwekwa kikomo, na ulipoisha uliongezwa kwa makubaliano ya maandishi. Julai 2020 mawaziri wakuu, Muhyiddin Yassin na Lee Hsien Loong, walikutana katikati ya Causeway wakiwa wamevaa barakoa na mradi ukafufuka. Linganisha na ndugu yake mkubwa, reli ya kasi ya Kuala Lumpur hadi Singapore, iliyosainiwa 2016. Hiyo nayo iliahirishwa, ikaahirishwa tena, na tarehe 1 Januari 2021 mkataba wake ukafa. Malaysia ikalipa fidia ya dola milioni 102.8 za Singapore. Mipango ya kipindi kilekile, nchi zilezile, na pengine hata meza zilezile za mazungumzo. Mmoja umejengwa, mwingine haukujengwa. Mradi mdogo ulikuwa na kitu ambacho mkubwa haukuwa nacho: watu waliokuwa wanateseka kila siku asubuhi, ambao hakuna mwanasiasa wa Johor angeweza kuwapuuza.

Kusimama kule hakukupita bure. Mpango wa kwanza ulitaka treni za aina moja na zile za njia ya Thomson–East Coast ya Singapore, zitumie na karakana moja nayo. Mpango mpya ukachagua treni nyepesi, zinazojiendesha bila dereva, zenye karakana yao upande wa Johor, na Malaysia ikapunguza sana gharama ya upande wake, ambayo mwanzoni ilikadiriwa ringgit bilioni 4.93. Wapo wahandisi waliosikitika, maana treni nyepesi inafunga mlango wa kuunganisha njia moja kwa moja siku za usoni. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa busara. Reli ya nchi mbili ikijitegemea kwa kila kitu, ishara zake, umeme wake, karakana yake, basi hitilafu ya mtandao wa nchi moja haiwi ugomvi wa kidiplomasia. Abiria anabadilisha treni kwa kutembea dakika chache. Wanaovuka Causeway wametembea zaidi ya hapo maisha yao yote.

Tarehe 11 Januari 2024 kipande cha mwisho cha daraja kiliunganishwa katikati ya maji, na viongozi wa nchi mbili, Anwar Ibrahim na Lee Hsien Loong, walikuwepo. Daraja linapita kama mita 25 juu ya maji, kisha upande wa Singapore reli inaingia ardhini, kwani stesheni ya Woodlands North iko chini. Mji mzima ulikuwa na furaha. Mimi nilikuwa na furaha pia, lakini jioni ile nilitembea kuzunguka eneo la Bukit Chagar nikiwa na wasiwasi mmoja ambao mpaka leo haujaniisha. Upande wa Singapore abiria akishuka anakuta njia ya treni ya mjini iliyofunguliwa pale tangu Januari 2020, inampeleka mpaka katikati ya jiji. Upande wa Johor anakuta barabara. Mji ule hauna treni ya mjini. Kuna mabasi, kuna teksi za kwenye simu, na kuna magari binafsi mengi mno. Watu 10,000 kwa saa wakishushwa katikati ya mji usio na cha kuwapokea, foleni haijaisha, imehamishwa kutoka kwenye tuta na kuletwa mtaani. Serikali ya jimbo imekuwa ikizungumzia mfumo wa usafiri wa juu kwa juu wa kuwasambaza abiria, na huo ulitakiwa uanze kujengwa siku ileile lilipochimbwa shimo la kwanza la nguzo. Mtoto wa Mak Cik, kwa mfano, ataacha pikipiki nyumbani ikiwa tu ana namna ya kufika Bukit Chagar asubuhi na namna ya kutoka Woodlands North mpaka getini kwa kiwanda chake. Treni zimepangwa kuanza saa 12 asubuhi. Zamu nyingine viwandani zinaanza saa 1. Akikosa namna hizo mbili, atabaki na pikipiki yake, na hakuna wa kumlaumu.

Nimerudi nyumbani na kazi yangu ni hii hii ya mipango ya usafiri. Afrika Mashariki tunayo ya kujivunia ambayo wale wa Johor wameyapata kwa taabu. Jumuiya ina sheria ya vituo vya pamoja vya mpakani ya mwaka 2016, na ukivuka Namanga kwa basi la Arusha kwenda Nairobi unapata mihuri yote miwili chini ya paa moja. Maofisa wetu wameshajifunza kufanya kazi ndani ya nchi ya jirani. Huo ni msingi wa maana sana. Lakini reli zetu tunazipanga kana kwamba mpaka ni mstari tu kwenye ramani. SGR ya Kenya ilifika Nairobi 2017 na Naivasha 2019, ikasimama hapo, kwa sababu kila nchi ilikuwa na kalenda yake na mkopeshaji wake. Shehena ya kwenda Malaba ikaendelea kupakuliwa kwenye reli moja na kupakiwa kwenye nyingine. Na watu hupenda kusema kwamba reli zetu zote mpya zina upana uleule wa milimita 1,435, kwa hiyo siku moja zitaungana zenyewe. Ya Tanzania ni ya umeme, ya Kenya inatumia dizeli. Mifumo ya ishara ni tofauti. Upana wa reli ni sharti la kwanza tu kati ya mengi.

Sasa kuna njia ya kutoka Uvinza, Kigoma, kwenda Musongati, Burundi, na mbele yake Gitega. Nimekaa kwenye vikao kadhaa ambako njia hii imejadiliwa, na kila mara mazungumzo yanakuwa juu ya madaraja, tani za nikeli za Musongati, na riba ya mkopo. Ni mambo ya lazima, kwani mzigo ndio utakaoilipia reli ile. Zamu yangu ya kuzungumza ikifika nauliza ofisa wa uhamiaji atakaa wapi. Wengine wanaona swali hili ni la baadaye sana. Mimi naona ni la sasa, kabla stesheni hazijapata ukuta, kwa sababu ukumbi uliochorwa mdogo hauongezeki kwa barua.

Na jibu la Johor haliwezi kuhamishwa lilivyo. Kule stesheni ni mbili tu na abiria ni wengi kupindukia, kwa hiyo kuweka maofisa wa nchi mbili kila upande kunawezekana na kunalipa. Njia ndefu yenye stesheni nyingi na abiria wachache kwa kila stesheni haiwezi kuweka maofisa wa nchi mbili kila mahali. Pale ningependa maofisa wapande treni wenyewe, wawili wawili, mmoja wa Tanzania na mmoja wa Burundi, wakague pasipoti na vitambulisho kwa mashine za mkononi treni ikiwa inatembea, na mfanyabiashara mdogo mwenye gunia la maharage amalize ushuru wake akiwa kitini. Sheria ya 2016 imeshatoa njia ya ofisa kufanya kazi ng'ambo ya mpaka. Kinachohitajika ni makubaliano ya kuligeuza behewa kuwa kituo cha mpaka, mtandao wa simu usiokatika kando ya njia, na chumba kimoja kwenye behewa kwa ajili ya yule mmoja kati ya mia ambaye karatasi zake zina shida. Chumba hicho kiwekwe kwenye zabuni ya mabehewa, kabla haijatangazwa.